Meza ya Kobe

Lori lilitoka getini limejaa majaketi ya kuokolea abiria wa meli. Meneja akampongeza mtaalamu mbele ya wafanyakazi wote, maana ilikuwa mara ya kwanza mzigo kuondoka kwa wakati. Mtaalamu alicheka kwa meno tu. Moyo ulikuwa ukimsuta.

Aliletwa kiwandani kunyoosha mtiririko wa kazi, na haikumchukua muda kuona pa kuanzia. Mishono ya kila jaketi ilikaguliwa mara mbili, kwenye meza mbili zinazofuatana. Meza moja ilitosha. Kanuni za kazi yake zilisema ibaki ya mwisho, ya mzee mmoja waliyemtania kwa jina la Kobe kwa jinsi alivyokawia.

Lakini kwenye meza ya kwanza alikaa shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa mchanga na sasa alikuwa anakaribia kustaafu. Damu nzito kuliko maji. Kwenye ripoti akamtupia Kobe lawama zote za foleni, na meneja akamwachisha kazi. Jaketi halijui limekaguliwa na nani, alijifariji.

Kobe hakubisha. Alimpa mtaalamu mkono, akamwambia tu, “Msalimie shangazi yako.” Salamu hiyo ilimnyima usingizi.

Mchana wa siku ile lori lilipotoka, akaenda kwa shangazi, aliyekuwa mapumzikoni wiki nzima. Alimkuta amekaa barazani, uso umeelekea njiani, lakini ni mpaka alipomwamkia ndipo shangazi alipotabasamu na kuinuka. Akammiminia chai polepole, kidole kikiwa kwenye ukingo wa kikombe.

Mtaalamu hakuinywa. Alisema yote: kwamba alipindisha kazi yake kwa ajili ya mapenzi, na kwamba amemdhulumu mtu asiye na kosa.

“Kobe ameondoka lini?” shangazi aliuliza.

“Siku ile ulipoanza likizo.”

“Na mzigo wa wiki hii?”

“Umetoka asubuhi. Usijali, shangazi. Ni yale uliyoyapitisha mwenyewe kabla ya likizo.”

Shangazi alimtafuta mkono kwa kupapasa, akaushika kwa nguvu.

“Mwanangu, mimi macho yaliniacha mwaka jana. Kobe alikuwa anakawia kwa sababu ndiye peke yake aliyekuwa anatazama.”