Kilima Kilichoota Nundu

Kilima cha mji wetu nakijua kuliko mtu yeyote. Nimekipanda mara moja tu, tena nikiwa nimebebwa.

Mpimaji Lukindo alikifinyanga kwa udongo juu ya meza, akatandika uzi kutoka chemchemi hadi sokoni. Bomba la maji lingepita pale ambapo uzi ungekataa kufupika zaidi. Akauvuta kidogo, ukateleza. Akauvuta tena, ukaisogelea punje ya hindi aliyoichomeka mama yangu, Bi Mashavu, kuonyesha kaburi langu.

"Baba, upishe uzi kidogo."

"Bibi, mimi sichagui. Uzi ndio unaotafuta njia fupi."

Akavuta tena. Uzi ukailalia punje.

Watu wakatoka kunywa chai. Waliporudi, kilima kilikuwa kimeota nundu nene kando ya punje, na uzi umepita upande wa pili.

"Nani amegusa kilima?"

"Sijui, baba. Mimi nimekaa tu. Labda mvua ya jana imekikuza."

Lukindo akachungulia dirishani. Kilima chenyewe kilikuwa vilevile. Bi Mashavu akaficha mikono ndani ya kanga, na kwenye kanga ile safi vidole vya udongo vikaanza kujitokeza, kimoja kimoja.