Uvimbe wa Jumapili

Kila Jumapili, akishamaliza chai, fundi hujifungia chumbani, akasimama mbele ya kioo na kujivika uvimbe.

Si uvimbe wa mchezo. Una ukubwa wa ngumi ya mtu mzima, unakaa upande wa kushoto wa taya na kuuvuta mdomo chini. Aliutengeneza mwenyewe kwa nta na silikoni, katika karakana ya hospitali anakotengeneza meno na taya bandia, akifuata umbo la plasta lililochukuliwa siku mbili kabla ya upasuaji. Gundi yake inawasha, lakini hilo alishalizoea.

Uvimbe wenyewe, ule wa kweli, ulitolewa mzima mzima pamoja na nusu ya taya. Daktari aliupima, akatikisa kichwa. Ulikuwa umekua kwa miaka kumi na minane, taratibu, bila maumivu wala homa, na ndiyo maana uliachwa. Ni ugonjwa wa nadra, daktari alieleza. Si saratani, ila dawa yake ni kisu tu.

Tatizo lilikuwa mama. Mama haoni. Nyuso za watu anazisoma kwa vidole, na uso wa mwanawe aliujua kwa uvimbe ule. Aliugundua ukiwa kama punje ya maharage, akaufuata mpaka ukamjaa kiganja. Akaapa kwamba yeye angali hai, kisu hakitaugusa. Mumewe aliwahi kwenda kupasuliwa kwa jambo dogo tu, akarudishwa amefunikwa shuka. Kwa hiyo mama alidanganywa. Aliambiwa ni safari ya kikazi, wiki mbili na kurudi.

Na kati ya waliohimiza upasuaji ule, fundi ndiye aliyekuwa na mdomo mwepesi kuliko wote. Kazi ya asubuhi moja, alisema, jioni mtu anakunywa uji kwa mrija. Akiyakumbuka maneno hayo sasa, huona aibu hata akiwa peke yake.

Jumapili ya kwanza alikwenda na uso mtupu, begi la nguo za hospitalini mkononi. Alikuwa amepania kusema ukweli wote, maneno aliyapanga njia nzima. Mlango ukafunguliwa, mama akanyoosha mkono, uso umemchangamka. "Umechelewa, mwanangu," akasema. Fundi akarudi nyuma hatua moja, akasingizia jino, akaomba asiguswe siku hiyo. Jumapili iliyofuata alikuja na uvimbe.

Leo alimkuta jirani, mshonaji, kwenye cherehani yake barazani. Mshonaji alimtupia jicho mara moja, akainamia kitambaa chake. Hajawahi kumwitikia salamu kwa mdomo mzima. Watu wengi hawawezi kuutazama uso ule.

"Hodi," fundi akasema.

"Siku hizi una adabu," mama akajibu kutoka ndani. "Zamani ulikuwa unaingia tu kama upepo."

Fundi akachekea puani. Hasemi mengi anapokuwa hapa. Amejaza pamba shavuni, na maneno yake hutoka yamevimba pia. Akawasha redio, akachota maji, akakaza skrubu za kiti kilichokuwa kikiyumba. Kisha akapiga magoti mbele ya mama, kama kawaida, ili apapaswe.

Mama akaanza na viganja.

"Mikono yako imekuwa laini."

"Glavu, mama. Kazini tunavaa glavu."

"Enhe."

Vidole vikapanda shingoni, vikaufikia uvimbe, vikatulia. Nta ni nta. Fundi ameshaibadilisha mara mbili, na sasa amefikia hatua ya kuweka kifuko cha maji ya moto ndani yake ili pawe na joto la mwili. Anajua ni upuuzi. Anajua hawezi kuendelea hivi mpaka uzeeni. Lakini akimfikiria mama siku atakapojua, huenda kupasha tena maji ya kifuko. Tena amempenda, na hilo limemfunga mdomo kuliko pamba.

"Palikuwa panapigapiga hapa," mama akasema, kidole chini ya sikio. "Kama moyo mdogo."

"Siku hizi pametulia, mama."

"Ndiyo. Pametulia."

Redioni mtu alikuwa akieleza namna ya kutunza kuku wa mayai. Machozi yakaanza kumtiririka mama, bila sauti, wala hakuyafuta. Kisha akaushika ukingo wa uvimbe kwa kucha, akaubandua polepole, kama anayebandua bandeji kwenye kidonda cha mtoto. Akauweka mapajani, akaufunika kwa kiganja.

Fundi akafumba macho. "Nisamehe, mama."

"Umekuja Jumapili kumi na nne bila kukosa," mama akasema. "Mwanangu hakuwahi kuja hata mbili mfululizo. Umenisitiri vya kutosha, baba, ahsante. Sasa nipeleke mlikomzika."