Taa ya Wajane Wawili

Mji mzima ulikuwa umeshaachia taa zake za karatasi zipae kwa marehemu wao, na anga imejaa vimoto. Ya marehemu Mbaruku peke yake ndiyo iliyokuwa bado uani, mikononi mwa wajane wake wawili. Taa hizo hushikwa na watu wawili, na sharti waachie pamoja. Akitangulia mmoja, taa hulala upande ikaungua, na ikiungua haimfikii marehemu.

"Achia basi, Chausiku," alisema Siwema, mke mkubwa.

"Niachie, wewe ubaki umeng'ang'ania, kisha utangaze mtaa mzima kwamba mimi ndiye niliyeichoma?"

"Yarabi! Hata leo?"

"Hata leo, dada. Anza wewe."

"Hakuna kuanza! Ni pamoja! Mara ngapi nikwambie?"

"Jamani, mwacheni marehemu aende zake!" jirani alipaza sauti ng'ambo ya ua. "Sisi wengine tunataka kulala!"

Karatasi ilianza kuwa nyeusi ukingoni. Siwema akashusha pumzi.

"Kitendawili!"

"Wewe mwanamke, vidole vinaniungua!"

"Kitendawili, nimesema!"

"Tega, nawe!"

"Tulikingoja kwa zamu, kikaondoka bila kuaga."

Chausiku alimkodolea macho mke mwenzake.

"Mbaruku!" akasema, na kicheko kikamponyoka. "Mbaruku huyo! Hata kwaheri!"

Siwema naye akacheka mpaka machozi, akamshika bega asianguke. Hapo ndipo walipoona kwamba mikono yao ilikuwa mitupu. Taa ilikuwa ikielea hewani juu ya paa la jirani, imeinama upande kidogo, na bado inawaka.