Bingwa wa Mwezi Huu

Hospitali ya chuo inajigamba kwamba wafanyakazi wake wote ni mabingwa. Mabingwa gani hao? Kila mwezi wanatiwa taaluma mpya kichwani na ya zamani inafutwa. Nafasi isipotosha, kinafutwa chochote kinachokutwa humo.

Mume wangu Shekue alisomea ufamasia. Mwezi uliopita alikuwa bingwa wa figo, akinisimamia mezani nimalize maji kama mgonjwa wake. Leo jioni karudi bingwa wa watoto, kifua mbele, kitambulisho kipya shingoni.

"Angalau sasa utatufaa," nikamwambia. "Mwanetu Rukia anakohoa tangu juzi."

Akakipasha joto kiganjani kile kifaa cha kusikilizia kifua, akamtania mtoto mpaka akacheka. Hakuwahi kuwa mpole hivyo. Hata mimi, na dharau zangu zote, nikalainika.

"Mapafu yake ni safi, mama," akaniambia.

"Alhamdulillahi."

"Na baba yake yupo? Anavuta sigara?"

Rukia akanitazama.

"Asubuhi alikuwepo," nikamjibu.

Akanishika bega, akanipa pole. Pole ya kibingwa kabisa.