Chupa Namba Saba

Nasra ndiye aliyeuona kwanza: utando wa kijani ndani ya chupa namba saba, yenye maji yaliyotekwa chini kabisa baharini, jua lisikofika.

"Uchafu!" alifoka Bwana Kheri, mkuu wa maabara. "Mwoshaji gani wewe? Kesho usije."

"Labda na sufuria za kwao huoshwa hivyo," msaidizi wake akadakia, wakacheka.

Miaka mitatu Nasra alikuwa akiitikia kwa kichwa tu. Sasa alisogea hadi kwenye sinki. Kila msimu wa baridi aliuona utando huo. Joto likirudi, chupa zilikuja safi.

Bwana Kheri aliinamisha chupa juu ya sinki. Nasra akauziba mdomo wa chupa kwa kiganja.

"Toa mkono!"

"Sitoi. Niliiosha mara tatu kabla haijatiwa maji. Baridi ikija, maji ya juu hupoa, yakawa mazito, yakazama na kila kilichoota huko juu. Kaboni mnayobishana kila siku imefikaje chini, ndiyo hii unayoimwaga."

Hakuna aliyeiachia chupa. Maji ya kijani yalichuruzika kati ya vidole vya Nasra.

"Miaka mitatu naosha, naona," alisema. "Hujaniuliza hata siku moja."