Kanda Iliyobaki Towelo

Saa sita ikapita, saa nane ikapita, na Bi Mwanvita hajatokea. Kibwana hakai wala hasimami. Mara atoke kibarazani achungulie njia ya sokoni, mara arudi ndani kupangusa rafu alizokwisha kuzipangusa tangu asubuhi. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya duka lake, na mteja pekee aliyekuwa akimsubiri hakuja.

Duka lenyewe lilishakwisha. Zamani, biashara huria ilipoingia na kila mwenye vijisenti akanunua deki ya kuchezea kanda, watu wa Msamvu walipanga foleni kukodi kanda za video kwa Kibwana. Sasa filamu ishirini zinauzwa kwenye sahani moja ya DVD pale stendi, na vijana wanatembea na sinema kwenye simu. Mama Magdalena, mwenye nyumba, alishamwambia kwa upole kwamba Jumatatu chumba kinachukuliwa na fundi wa kuingiza nyimbo kwenye simu.

Tuseme kweli, duka halikumuuma sana. Kilichomuuma ni Bi Mwanvita, yule mjane wa kijiji cha Towelo, aliyeshuka mlima kila Jumamosi kuuza njegere. Duka likifungwa, atapitia kwake kufuata nini? Miaka sita alikuwa akipita, na Kibwana, mtu mzima na mvi zake, alikuwa hajathubutu kumwambia neno.

Na mteja gani yule! Ukutani palikuwa na tangazo: rudisha kanda mwanzo kabla ya kuileta. Watu walilipuuza, wakamwachia Kibwana kazi ya kuzungusha kanda kutwa nzima. Za Bi Mwanvita zilirudi zikiwa mwanzo, zote, bila kukumbushwa. Hata mwaka ule wa mgao wa umeme, mji mzima ulipokuwa ukigombana naye kwa kanda zilizolipiwa na hazikutazamwa, yeye alirudisha yake kimya kimya akaomba nyingine.

Alikuwa na kawaida moja tu: hachukui kanda mpaka asimuliwe. Ataketi kwenye kigoda, tenga miguuni, aseme, "Nisimulie kwanza, nijue kama inanifaa." Basi Kibwana ataanza. Ataiga sauti ya tajiri, ya jambazi, ya bibi harusi anayelia, mpaka mwisho kabisa. Akishaondoka, Kibwana hucheka peke yake. Mtu ameshajua mwisho, na bado analipa akatazame!

Jumapili asubuhi uvumilivu ukamwishia. Akatia kwenye kiroba kanda zote zilizobaki, kumi na tisa, akajitwika, akaanza kupanda. Njiani alijiambia anafuata kanda yake ya ishirini, ile aliyonayo Bi Mwanvita. Uongo mtupu. Alitaka apate sababu ya kupiga hodi kwake, amwachie mzigo ule awe anatazama taratibu, na huenda akizimaliza atamwita azifuate.

Mvua ya juzi ilikuwa imekata njia. Aliruka mawe, akateleza, akaulizia kwa kila aliyekutana naye, na moyo ulimwenda mbio hata pale njia ilipokuwa tambarare. Alimkuta uani akimenya njegere, kifundo cha mguu kimefungwa kitambaa. Alikuwa ameteguka Ijumaa, akirudi shambani.

"Karibu ndani, Kibwana," alisema, kama mtu aliyekuwa akimtazamia. Siku zote alikuwa akimwita Bwana Kibwana.

Alichechemea mbele yake, akauacha mlango wazi ili majirani wasipate la kusema. Kanda ya ishirini ilikuwa mezani, imefungwa ndani ya leso safi. Kibwana alitua kiroba. Hakujua aanzie wapi, akaona heri aanze na kazi anayoijua. Akachomoa kanda ya juu, akageuka kutafuta deki aitie.

Palikuwa na kabati, koroboi na viti viwili. Akatazama juu, hakuona waya wowote. Nguzo ya mwisho ya umeme alikuwa ameipita mwendo wa saa nzima kule chini.

Bi Mwanvita akamsogezea kiti, naye akaketi kwenye kile kingine.

"Kaa," akamwambia. "Hiyo inaanzaje?"