Kangaga la Nyamizi

Miaka hiyo hakuna aliyepewa kibali cha kuzaa kabla kangaga lake, mmea wa chunguni, halijafungua jani jipya, na jani halikufunguka mpaka unyevu wa hewa chumbani ufike asilimia sabini. Kunyunyiza maji kulikatazwa, kuchemsha pia. Unyevu ulitakiwa utoke kwa watu wenyewe.

Basi Jumamosi ile sebule ya Nyamizi ilifurika majirani. Waliimba, wakaruka, wakahema juu ya chungu mpaka jasho likawatiririka, huku mumewe Masanja akisoma kipimo cha unyevu kwa sauti kama mtangazaji wa mpira. "Sitini na nane! Sitini na tisa!"

Hapo kikagoma.

Nyamizi aliliona jani limejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga, linatetemeka. Akamgeukia mama yake, aliyeketi kando akipiga makofi.

"Mama, hebu tusimulie siku ile baba alipozama."

Makofi yakakoma. "Mwanangu, hilo…"

"Kidogo tu, mama. Inama hapa."

Mama aliinama juu ya chungu, akasimulia. Machozi yalipoanza kudondokea udongo, Masanja akapiga kelele: "Sabini!" Jani likajikunjua, laini, kijani kibichi. Vigelegele vikahanikiza nyumba nzima. Nyamizi alicheka, akaruka, akamkumbatia kila aliyekuwa karibu.

Kisha maandishi yakatokea kwenye kipimo: *Dumisha kwa siku saba.*

Nyamizi akamsogezea mama yake kiti.

"Na mazishi, mama?" akauliza, tabasamu bado usoni. "Yalikuwaje?"